Bi Ottilie Sandkuhl na Mti wa Akina von Rehdersberg

Baada ya miaka thelathini na minane ya kutunza nasaba ya akina von Rehdersberg, Bi Ottilie Sandkuhl anastaafu tarehe 30 Septemba 1974. Nimeombwa niandike mimi, mpishi, kwa kuwa ndiye niliyekaa naye muda mrefu kuliko wengine humu kasrini. Shule sikufika mbali, mtanisamehe.

Kazi yake mnaijua. Ule mti wa ukoo kwenye ukuta wa ukumbi mkubwa anauchora yeye. Akizaliwa mtoto anaongeza jani, akifa mtu anatia msalaba mdogo, na akiolewa bibi humu anamchorea ngao ya kwao kando ya jina la mume: simba, tai, minara, kila ukoo na alama yake. Si kazi rahisi, maana wazaliwa wa kwanza wote huitwa Egbert. Kuna mwaka jani la mtoto mchanga lilikaa kwenye tawi la Egbert mwingine, baba mdogo wa Baroni, bwana wa kasri hili. Mzee wa watu alikuja kunywa kahawa, akakuta ana mtoto wa kiume ukutani! Mkewe hakumsogezea siagi wiki nzima. Bi Ottilie alisugua ukuta huku akinung'unika, "Watu wazima hawa, jina jingine wamelikosa?"

Sasa niseme la moyoni. Namwonea wivu Bi Ottilie. Binti yangu Almut akitoka shule alikuwa anapita jikoni kama mgeni, anachukua kipande cha mkate, huyoo, juu kwa Bi Ottilie kuosha brashi. Hata kikombe anakishika kama yeye, kidole nje. Alipopendana na Klemens, kitindamimba wa Baroni, nani aliambiwa kwanza? Si mimi niliyemzaa.

Walipooana mwaka juzi, Baroni alisema wazi, "Mtoto wa mpishi hana ngao. Mahali pake pataachwa peupe, ndiyo desturi." Tangu hapo usingizi wangu ukawa wa mang'amung'amu. Mjukuu wangu atazaliwa Novemba. Nilikuwa namwona amesimama pale ukumbini akiuliza, mbona mama yangu ni doa jeupe?

Humu kasrini anayestaafu humwomba Baroni kitu kimoja, naye hakatai. Wengi huomba saa ya ukutani. Mwezi uliopita Bi Ottilie aliomba ngao ya Almut. Nilikuwa napakua chakula, niliyasikia yote.

"Bi Ottilie, chukua saa!" Baroni alisema, uso umemwiva.

"Saa ninayo, Bwana Baroni. Na inakwenda vizuri tu."

Baroni alimaliza supu yake, kisha akatikisa kichwa kukubali. Bi Ottilie akanifuata jikoni.

"Mama Almut, ngao huchukua alama ya kwao bibi harusi. Kwenu mna nini?"

Nilikuwa nimefurahi na nimekasirika kwa pamoja, maana mimi mamake ndiye niliyepaswa kumpigania.

"Kwetu kuna nini zaidi ya mwiko? Haya, chora mwiko!"

"Wa mti au wa chuma?"

"Bi Ottilie, usinichezee."

"Nauliza rangi, mama."

Amechora wa mti. Nendeni mkautazame, uko kati ya tai wawili na simba, na wala haujainamisha kichwa. Almut alipouona alilia, akamkumbatia Bi Ottilie kwanza. Mimi nikasubiri zamu yangu.

Kwa niaba ya watumishi wote, asante sana, Bi Ottilie. Tunakuombea afya, macho mazuri na nyumba yenye joto huko Soest. Ila usijifungie. Jumapili njoo ule kwangu. Almut akisikia upo, atakuja mapema.

Hedwig Brockamp, jikoni