Yeremia Shemzigwa, Fundi Umeme Aliyebandika Grafu Sebuleni

Yeremia Shemzigwa alizaliwa Kwai tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili wa Mzee Yohane, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alimaliza darasa la saba hapo hapo Kwai mwaka 1981, kisha akasomea ufundi umeme Tanga. Joto la kule lilimshinda, lakini cheti alirudi nacho.

Kuanzia 1986 hadi alipostaafu 2021 alikuwa fundi umeme wa kiwanda kimoja cha chai upande wa Bumbuli. Kila mwezi alisoma mita, akatia nukta kwenye karatasi ya miraba, akaziunganisha kwa mstari. Mstari ukipanda ghafla, sheria ilikuwa moja: andika pembeni kilichoupandisha. Mara "mota mbovu", mara "feni ya kukaushia". Wakubwa walimsifu, na sifa zikamvimbisha kichwa kidogo.

Alifunga ndoa na Elieshi mjini Lushoto tarehe 12 Desemba 1992, wakajaliwa Jackline na Kristofa. Nyumbani nako alibandika grafu ya umeme sebuleni. Elieshi alikuwa akimtania, "Baba Jackline, hata pasi inakuogopa."

Julai 2019, baridi ikiwa kali, mama mkwe wake, Bibi Beatha, alikuja kuuguzwa kifua. Alikuwa akioga maji ya hita asubuhi na jioni, na mstari ukapanda. Yeremia, mkono ukifuata mazoea ya kiwandani, akaandika juu ya kilele: "Mama mkwe." Bibi aliyasoma maneno hayo polepole kwa kidole.

"Mkwe, kilima hiki ni mimi?"

Mkwe huheshimiwa hata kivuli chake, naye Yeremia alikuwa amemwandika kama mota mbovu. Kesho yake Bibi alirudi kwao Mlalo bila kunywa chai.

Yeremia aliichoma grafu siku hiyo hiyo. Alituma washenga na mbuzi wakamwombee radhi. Bibi aliwapokea vizuri, akasema hana kinyongo. Lakini kila alipoalikwa alijibu, "Yuniti zitaisha." Yeremia, aliyekuwa mzee wa kanisa, akahamia benchi la nyuma kwa aibu. Majuto ni mjukuu, na yeye alimlea huyo mjukuu miaka yote iliyobaki.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2024. Alipolazwa mwezi uliopita alimwambia mkewe, "Mwite mama. Nataka nimwombe radhi kwa mdomo wangu." Bibi alijibu kwa simu, "Nitakuja akipona, nisije nikawaongezea mzigo." Hakupona. Alifariki Jumatatu asubuhi, tarehe 2 Juni 2025.

Ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja, na mkwewe Bibi Beatha, ambaye juzi Jumanne aliingia nyumba hii kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule. Alisimama mlangoni akauliza, "Mwenye nyumba yuko wapi, mbona hanipokei?"

Bwana amfunike Yeremia, na aibu yake pia. Apumzike.