Swali la Elektroni za Ukingoni

Jumatano hiyo kijiweni kwetu, nyuma ya nyumba za reli hapa Nakuru, walikuwepo Zeddy Kiprotich, tuliyemwita Hakimu ingawa hakuwahi kuhukumu mtu; Milcah Nakhumicha, mwenye birika la kahawa; Khaemba Sitati, yaani Waya, aliyekuwa fundi wa simu za reli; na mimi.

Sitati alitaka msaada. Binti yake Edinah angefika Jumamosi kutoka ng'ambo, anakochunguza umeme, na kila baba alipomuuliza habari za kazi alijibiwa kama mtoto. Safari hii alitaka kumuuliza swali moja la maana. Kwenye simu alikuwa ameshika haya tu: katika karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, ikiwa safi kabisa, elektroni hazigongi uchafu. Hugongana zenyewe kwa zenyewe, zikatiririka pamoja kama maji.

— Kama ng'ombe, alisema Kiprotich. Mmoja akifika mlangoni husita. Kundi husukumana likapita.

— Sasa Hakimu, tukisafisha waya za mtaa, stima tutachota na ndoo?

— Na ndoo, Milcah. Mvua ikizidi, watu wa mtaa wa Kihoto watalala juu ya mabati kwa mafuriko ya stima.

Mimi niliwakumbusha lango la kiwanda cha reli tulikofanya kazi zamani, king'ora cha jioni kikilia: tulivyotoka bega kwa bega, na lango jembamba halikutuchelewesha. Siku hizi pale pana maduka ya simu.

— Lakini wa kando walichelewa, alisema Sitati.

— Ukuta uliwashika, nikamjibu. Hata Mto Njoro, katikati maji hukimbia, ukingoni hujivuta.

Sitati aliweka kikombe chini.

— Ukuta wetu ulikuwa na misumari, ulirarua makoti. Hiyo karatasi ni safi. Ukingo wake nao ukiwa laini kabisa, hao wa kando watashikwa na nini?

Milcah alimwomba Sitati arudie, akarudia.

— Basi swali la Edinah ni hilo, alisema Sitati. Akavaa kofia, akaenda zake akilikariri.

Sisi ndio tuliomfikishia Edinah swali hilo, Jumamosi, nyumbani kwao, mtaa wa Bahati. Alilisikiliza mara mbili, akauliza nani amelitunga. Tukamwambia.

Khaemba Sitati alikuwa amefariki jana yake, Ijumaa asubuhi.