Nyumba ya Fundi Yapondwa Mbele ya Mthamini

Kijiwe cha Fundi Viatu na wenzake wawili ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa nyumba yake. Asubuhi hiyo hata kahawa aliyonunuliwa na Breki, dereva mstaafu, haikumshuka Fundi vizuri. Mthamini wa manispaa alikuwa mtaani, akipita nyumba hadi nyumba kupanga kodi ya majengo, na Fundi alikuwa ametoka kuipaka yake rangi mpya. Alijiona mjinga wa kupindukia.

— Umejichongea mwenyewe, alisema Redio, kinyozi asiyejua kunyamaza. Rangi mpya ndiyo wanayoitafuta.

— Rangi si kitu, Breki akamkata. Wanahesabu madirisha. Likifungwa, halihesabiwi.

Fundi akanyanyuka, akayafunga yote, akarudi anahema.

— Na yale mapazia? Redio akauliza. Pazia la maua ni la mtu mwenye hela ya kuchezea.

— Kashona mama watoto, kwa vitambaa vya kuungaunga.

— Mthamini atajuaje? Toa.

Mapazia yakatoka.

— Kwa shemeji yangu mthamini alinusa jikoni, Breki akasema. Aliposikia harufu ya kitunguu, kodi ikapaa. Mkeo anapika nini?

— Maharage.

— Mwambie asiyaunge.

Fundi akaingia tena ndani, akatoka uso umemshuka. Mkewe hakulipenda agizo hilo hata kidogo.

Mara mthamini akafika, mama mmoja mwenye futi ya kupimia na viatu vilivyojaa vumbi. Redio akamuwahi.

— Dada, usijichoshe. Hilo ni gofu. Paa linavuja, kuta zina nyufa.

— Limesimama kwa huruma ya Mungu tu, Breki akaongeza.

Fundi alitikisa kichwa kukubali, lakini maneno yale yalimchoma. Nyumba ile aliijenga chumba kwa chumba, kwa hela ya soli na visigino. Ufa ulikuwa mmoja tu, aliuziba zamani, na Redio ndiye aliyemshikia ngazi.

Mthamini akayatazama madirisha yaliyofungwa, kisha akawageukia.

— Kwani humu anaishi mtu?

Redio alichungulia kikombe chake. Ndani, mwiko ulionyamaza kwenye sufuria ulimwambia Fundi kwamba mkewe amesikia.

Fundi akasimama.

— Anaishi mke wangu, dada. Na hii rangi kachagua yeye.

— Kaa chini, Breki akanong'ona, akimvuta shati.

— Niache. Paa halivuji hata tone. Dada, karibu uone sakafu ya jikoni. Vigae ni mabaki ya kila duka, nimevipanga kwa mkono wangu. Viandike na hivyo.

Akaanza kuyafungua madirisha, moja baada ya jingine.

— Karibu, mgeni, mkewe akaitika kutoka ndani. Maharage yapo, ila leo mwenye nyumba kakataza yasiungwe.

— Yaunge, mke wangu, Fundi akasema. Yaunge vizuri.