Profesa Gaudreau na Kyubiti Isiyotaka Kutazamwa

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, waheshimiwa wahadhiri, ndugu wageni waalikwa, wanafunzi wenzangu wa zamani na wa sasa, na wewe Profesa Odile Gaudreau unayestaafu leo huku ukijifanya hulii: hamjambo!

Mimi ni Anneke Friesen, ninayeachiwa maabara ya Profesa kuanzia Jumatatu. Majirani zangu hapa Waterloo huniuliza, "Hiyo kyubiti mnayoihangaikia ni mdudu gani?" Huwajibu hivi: biti ya kompyuta yako ni sifuri au ni moja, basi. Kyubiti hubeba sifuri na moja kwa pamoja, na humo ndimo nguvu yake ilimo. Lakini ukiipima tu, inashika upande mmoja, na ule mchanganyiko umekwenda na maji.

Majira ya baridi yaliyopita, kyubiti yetu iligoma. Tuliipoza ndani ya mtungi wenye baridi ya kuifanya Februari yetu ionekane kama kiangazi, na bado mchanganyiko ulivunjika kabla hatujaufanyia hesabu yoyote. Shahada ya uzamivu ya Tavish, yule pale anayecheka, ilikuwa hatarini. Kyubiti isingetulia kufikia Pasaka, angerudi kwao Sudbury mikono mitupu. Tukalaumu nyaya, tukalaumu tramu inayopita nje. Nani angemshuku Profesa mwenyewe?

Kumbe yeye, huko ofisini kwake, alikuwa ameacha chombo cha kuipimia kyubiti kutoka mbali kimewashwa, kikiitumia mawimbi yake kimyakimya. Tavish alipoyaona kwenye skrini ya maabara na kugundua yalikotoka, alipanda ngazi mbio hadi ofisini.

"Prof, kumbe ni wewe!"

"Jamani, nilikuwa naangalia tu inaendeleaje."

"Kuangalia ndiko kunakoiua! Si wewe uliyetufundisha?"

Masikio ya Profesa yalikuwa mekundu kwa haya. Alikizima chombo, akampa Tavish neno la siri la kukiwashia ili alibadilishe, na kesho yake akatuletea sahani nzima ya vikeki vya siagi. Kyubiti ikatulia. Leo tunamwita Dakta Tavish.

Profesa, jana uliniomba neno la siri jipya, ati "nichungulie kidogo tu nikiwa nyumbani." Mbele ya watu wote hawa, jibu ni hapana! Lakini nasema wazi: ninaiogopa maabara bila wewe. Basi njoo mwenyewe, ukae, ututazame sisi. Sisi hatuharibiki tukitazamwa; macho yako ndiyo yaliyotufanya tukawa watu.

Nawashukuru nyote kwa subira yenu na kwa kunisikiliza. Asanteni sana.