Nani Alionja Kwanza?

Katika basi la Magwagwa, mwaka wa 1966, mbele yangu walikaa mzee mmoja aliyepigana Burma na mama aliyekuwa akienda kula kwa wifi yake, mara ya kwanza tangu wagombanie mpaka wa shamba. "Tieni sahihi kwa chifu," mzee akamshauri. "Vita vya dunia viliisha hivyo. Leo Mjerumani na Mwingereza wanauziana magari." Mama akasema, "Wifi ataonja ugali wa wimbi kwanza, nisiogope sumu. Hao wakubwa wako, nani alionja?" "Walipeana kalamu." "Kalamu haishibishi, omogaka, mzee wangu!" Tukacheka wote, hata mimi niliyejifanya naangalia nje. Basi liliposimama, mama akashuka. Mzee naye akashuka, ingawa kwao kulikuwa bado mbele. "Mapatano yanataka shahidi," akatuambia, "na shahidi halali njaa."