Nilimnyamazisha Mama kwa Sauti Yake

Bwana asifiwe sana, watu wa Lisekese! Korosho zinaanguka mashambani, nanyi mmeziacha mkaja kumsikiliza mwenye dhambi mmoja. Mungu awalindie mikorosho yenu. Naitwa Beno, mzaliwa wa Mnyambe, kule Newala. Wengi mnanijua kwa sura, na wengine mnanijua kwa sura isiyo yangu.

Ndugu zangu, mimi ni mwigizaji. Nilianzia kanisani, kwenye igizo la Pasaka. Nilikuwa Petro, na jogoo tuliyemleta akakataa kuwika, basi nikamwikia mwenyewe. Baadaye nilikwenda chuo cha sanaa, nikapanda majukwaa ya Dar es Salaam. Nimekuwa mfalme, kipofu, mlevi. Kwenye filamu nimekuwa jambazi. Kwenye tamthilia ya televisheni nilikuwa daktari, mpaka akina mama wakawa wananisimamisha barabarani kunionyesha vipele vya watoto wao! Kipaji changu kilikuwa hicho: nikikaa na mtu asubuhi, jioni nimeshamvaa.

Lakini kilichonipa jina ni kikongwe mmoja wa vichekesho, Bibi Mabibo. Mliokuwa na televisheni mnamkumbuka. Anatembea ameshika kiuno, anagombana na kuku, na mjukuu akimkosea anapiga kelele: "Ntoto huyu ananikondesha!" Nchi nzima ilicheka. Nilijifunga kanga mbili, nikajichora chale mashavuni kwa penseli nyeusi, mistari mitatu huku, mitatu huku.

Chale zile sikuzibuni. Ni za mama yangu. Kiuno kile ni chake, tangu alipokuwa akipandisha maji kutoka bondeni. Na neno lile ndilo alilokuwa akiniambia mimi, mtoto wake wa kwanza, aliyempa jina la Mama Beno.

Siku moja mtangazaji akaniuliza hewani, "Huyu bibi umemtoa wapi?" Nikajibu huku nacheka, "Ni mama yangu mzazi! Yuko Mnyambe, Newala. Nendeni mkamwone."

Wakaenda, ndugu zangu! Walimpiga picha akianika korosho. Watoto walimfuata gulioni wakimpigia kelele za neno lake mwenyewe. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, nasaini mabango.

Nilipokwenda nyumbani wakati wa palizi, nilisema, "Shikamoo, mama." Akajibu, "Marahaba." Basi. Alinipa ugali na kisamvu, akakaa na kiganja mbele ya mdomo. Mwanamke aliyekuwa akizungumza hata na jembe!

Jirani yetu, Mama Tekla, aliyeimba pamoja na mama tangu ujana, ndiye aliyenivuta pembeni.

"Mama yako hafungui mdomo kanisani, mwaka wa pili huu."

"Anaumwa?"

"Anaumwa wewe. Alisimama kuanzisha pambio, vijana wa nyuma wakacheka. Akakaa. Mpaka leo amekaa."

Nilirudi kwa mama. Nikamwambia ile ni kazi tu.

"Kazi nimekukataza?" alisema. "Ulipokuwa jambazi nililia. Ulipokuwa daktari nilijisifu bombani mpaka wenzangu wakachoka. Lakini wewe Mmakonde gani? Ngoma ya mapiko ikichezwa, tunamjua aliyevaa kinyago, na hatumtaji. Hata mtoto mdogo hamtaji. Wewe umenitaja."

Nilirudi Dar es Salaam.

Nilimkataa Bibi Mabibo. Mtayarishaji alinicheka: "Bila huyo bibi, wewe ni Mmakonde mmoja mrefu tu." Nikasema na iwe hivyo. Nikarudi jukwaani. Lakini kila chumba nilichopanga kilikuwa na kimya cha mama ndani yake. Nilitamani kumsikia. Sikutaka hata anisamehe. Nilitaka kumsikia tu, akimfukuza mbuzi, akiniita nile. Nikimkumbuka sana nilijaribu kusema kwa sauti yake, peke yangu. Ndugu zangu, haikutoka! Alitoka Bibi Mabibo. Nilikuwa nimemchezea mama yangu kiasi kwamba hata kichwani mwangu nilikuwa nimempoteza. Hapo ndipo nilipopiga magoti nikalia, "Bwana, mrudishie sauti yake. Mimi unifanye upendavyo."

Moyoni nikasukumwa niende nikatubu pale pale alipochekwa. Nilikwenda. Jumapili ile mzee wa kanisa alinipa nafasi baada ya matangazo. Mama alikuwa upande wa wanawake, benchi la tatu, macho chini.

Nikasema, "Nimemkosea mama yangu."

Wakacheka.

Nikasema, "Sichezi. Nimekuja kutubu." Wakacheka zaidi, mzee mmoja akafuta machozi kwa kofia. Machozi yangu yalipoanza kutoka, nilisikia mtu akimwambia mwenzake, "Unamwona? Huyu jamaa fundi!" Kijana wa nyuma akapiga kelele, "Ntoto huyu ananikondesha!" Kanisa likavunjika mbavu.

Miaka yote nimefundishwa kuwafanya watu waniamini. Siku niliyosema kweli, hakuna aliyeniamini. Nikapiga magoti juu ya saruji. Nikaona nimeharibu mara ya pili, tena mbele yake.

Ndipo nikasikia pambio.

Mwanzo lilikuwa kama mlango wa ghala uliokaa bila kufunguliwa, linakwaruza. Nikainua macho. Mama amesimama! Mkono kiunoni, kiganja hakipo mdomoni, anaimba kwa Chimakonde, anawatazama vijana wa nyuma mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka. Mstari wa pili Mama Tekla akaupokea, wa tatu wakaupokea wanawake wote, na yule kijana aliyepiga kelele nilimwona akipiga makofi huku ameinamisha kichwa. Haleluya! Bwana alimfungua mama yangu kinywa, na mimi akanifungua kifungo nilichokisuka kwa mikono yangu!

Nje ya kanisa nilitaka kumshika miguu. Akanizuia.

"Simama. Suruali yenyewe nyeupe." Akanipangusa vumbi magotini. Halafu akasema, "Sikuimba kwa kukusamehe. Niliimba kwa sababu walikuwa wanamcheka mwanangu."

"Na msamaha, mama?"

"Unakuja. Usiuvute."

Ndugu zangu, haujafika. Nawaambia kweli, kwa sababu shuhuda nyingi humalizia mahali ambapo kila kitu kimenyooka. Mama anaimba kila Jumapili, na hilo ndilo nililoliomba, nami namshukuru Mungu kwa moyo wote. Mimi bado ni mwigizaji, na simtaji mtu. Nikimpigia simu ananijibu maneno matano, sita. Wiki iliyopita yalifika kumi, akiniuliza kama huku mvua imenyesha.

Kama na wewe yuko mtu uliyemfunga kinywa, mume, dada, mzazi, usingoje kwanza ujue kama atakusamehe. Nenda. Watu wakikucheka, waache wakucheke. Mtumaini Bwana aliye hodari kuliko aibu yako. Njoo hapa mbele tuombe pamoja. Mimi nimeshapiga magoti, nafasi ipo kando yangu. Amina.