Zamu ya Anna Nyanjige

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee, mwangaluka. Wa Shishiyu, wa hapa Nkoma pande zote mbili za mto, na ninyi mliotoka Bariadi mjini alfajiri, poleni na safari na poleni na msiba. Mimi ni Marcelo Luhaga, mdogo wake marehemu. Tulizaliwa tumbo moja, na tuliokuwa tumebaki ni wawili tu. Karatasi mliyoshika ina ukurasa mmoja na picha ya kitambulisho cha taifa, maana nyingine hakuwa nayo. Nitasoma yaliyomo, halafu nitaongeza jambo moja ambalo mimi, kama katibu wa jumuiya, sina budi kulisema dada akiwa bado yuko hapa mbele yetu. Padre ameniruhusu.

Marehemu Anna Nyanjige Luhaga alizaliwa tarehe 4 Machi 1958 katika kijiji cha Shishiyu, wilaya ya Maswa, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Luhaga na mama yetu Milembe. Baada yake walizaliwa wanne. Watatu walifariki wakiwa wadogo, na wa mwisho ndiye huyu anayewasomea. Mama alipokuwa shambani, Nyanjige ndiye aliyenibeba mgongoni, na alinibeba muda mrefu mpaka majirani wakaanza kuuliza kama miguu yangu ina kasoro.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1967 hadi 1973 alipomaliza darasa la saba. Hakuchaguliwa kuendelea. Akiwa bado shuleni alijiunga na mafundisho ya ubatizo, na siku moja katekista aliwaambia watoto kwamba Mungu humwongoza kila anayemwomba. Wenzake waliitikia amina wakakimbilia kucheza. Yeye alibaki nyuma kumuuliza katekista Mungu anaongozaje, kama anasema kwa sauti au vipi. Yule mzee akamwambia aulize, kisha atulie, atajua. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 1972 kwa jina la Anna, na tangu hapo akawa mtu wa kuuliza.

Maisha yake yote alikuwa mkulima. Alilima pamba, mahindi, karanga, na mpunga kidogo mvua zikiwa nzuri. Kila msimu, kabla ya kupanda, alipiga magoti kwenye kona ya shamba, jembe limelala pembeni, akamuuliza Mungu apande nini na aanzie wapi. Wakati huo sisi wengine tumeshafika katikati ya shamba. Nilimkejeli sana kwa hilo. Nilimwambia Mungu ana dunia nzima ya kushughulikia, hawezi kukaa anaangalia matuta ya kila mtu Nkoma. Hakukasirika.

“Akijibu, nafanya,” aliniambia. “Akinyamaza, nafanya nililofanya jana.”

Hanif, mwenye duka la vitenge pale Bariadi, yuko hapa nasi, na ameniomba nisisahau habari yake. Mwaka 2018 dada alichagua dukani kwake kitenge cha bluu chenye maua meupe. Akakikunjua, akakishika, akakirudisha, akasema anakwenda kuuliza kwanza. Hanif akajua huyu mama anakwenda kwa mumewe. Zikapita wiki mbili ndipo akarudi, na Hanif akamuuliza kama mzee amekubali. Dada akasema amekubali, huku akinyoosha kidole juu. Kumbe Hanif alikuwa amekificha kile kitenge chini ya meza muda wote asije akakichukua mwingine, na mpaka leo anasema hajui kwa nini alifanya hivyo. Kuanzia siku ile alimwita Mama Ngoja Niulize. Lakini kitenge chenyewe dada hakukivaa hata siku moja. Sisi tukasema ni ubahili.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa takatifu na Paschal, kijana wa hapa Nkoma, wakajenga mji huu tuliokaa, ambao sisi wa upande wa pili wa mto tunauita ng'ambo. Mungu hakuwajalia mtoto. Mwaka 1994, baada ya kuuza pamba, Paschal aliaga kwamba anakwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita kwa miezi mitatu. Zilikuja barua mbili. Baadaye tukasikia ana mke huko, na watoto. Sisi wa Shishiyu tulitaka dada arudi nyumbani, naye akatuambia tungoje aulize. Alisali siku tisa, siku ya kumi akasema anabaki. Mwaka 1996 nami nikahamia Nkoma, upande ule wa pili wa mto, na nikawa natamba kwa watu kwamba nimekuja ili dada asiwe peke yake. Ukweli ni kwamba nilivuka kwenda kwake nilipohitaji kitu.

Mwaka 1999 alikuja mgane mmoja mwenye ng'ombe wengi kumposa. Wazee walikaa, wakaona neema imeshuka. Dada akauliza tena, akarudi na jibu kwamba yeye bado ni mke wa Paschal. Nilikasirika. Nilimwambia mbele ya watu kwamba huyo Mungu wake anapenda kumwona akiishi mpweke. Alichukua ndoo akaenda kuteka maji. Neno lile sikuwahi kumwomba radhi, na leo namwomba.

Sasa niseme lile jambo. Ambao si Wakatoliki mtaniwia radhi nikieleza kidogo. Sisi kila Jumamosi asubuhi husali jumuiya katika nyumba ya mmoja wetu, kwa zamu. Mwenye zamu hufagia, huandaa pa kukaa, huchagua somo na nyimbo, na baada ya sala watu hubaki kwake wakala alichonacho. Kwa mwenye familia hiyo ni asubuhi ya kawaida tu. Kwa mtu anayeishi peke yake, ndiyo siku ambayo uwanja wake unajaa sauti za watu.

Mwaka 2017 Jumuiya ya Mtakatifu Anna ilikuwa imekua kupita kiasi, tukaamua kuigawa kwa kufuata mto. Mimi nikabaki katibu wa upande wangu, na Mama Kija, jirani yake dada, akawa katibu wa ng'ambo. Nilipoandika orodha ya zamu sikumwandika dada, kwa sababu nyumba yake iko ng'ambo. Mama Kija naye hakumwandika, kwa sababu ni dada yangu na alizoea kusali na sisi. Kila mmoja wetu alijua yuko kwa mwenzake. Imepita miaka minane. Kila Jumamosi dada alivuka mto kuja kusali katika nyumba zetu, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango, akaimba, akala, akashukuru, akavuka kurudi. Nyumbani kwake hatukufika kusali hata mara moja, na hakuna aliyegundua. Mimi mwenye orodha mkononi sikugundua.

Aliniuliza mara moja tu. Ilikuwa mwaka 2019, tumemaliza sala nyumbani kwangu, nami nahangaika na ng'ombe aliyekata kamba.

“Marcelo, zamu yangu ni lini?”

Nikadhani ng'ambo wamemchelewesha. Wala sikugeuka kumtazama. Nilimjibu, “Subiri, dada. Itafika.” Sikwenda kwa Mama Kija kuuliza. Ng'ombe nilimkamata, nikasahau.

Mwezi Novemba 2024 marehemu alianza kuvimba miguu. Alipimwa hospitali Bariadi, ikaonekana ana shinikizo la damu na figo zimechoka. Alitibiwa, akaruhusiwa, na akawa anahudhuria kliniki kila mwezi bila kukosa. Nilimwambia ahame, aje kwangu. Akasema ngoja niulize. Wiki iliyofuata akanipa jibu kwamba anabaki kwake, kuna watu anawangoja. Nikajua anamsema Paschal na nikamwonea hasira, mwanamke mzima wa miaka sitini na saba anamngoja mtu aliyeondoka miaka thelathini iliyopita. Nikamtuma binti yangu Winnie awe anakaa naye, mimi nikapunguza kwenda. Kuvuka mto wakati wa kiangazi ni mwendo wa robo saa.

Alifariki hapa nyumbani kwake siku ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, Winnie akiwa uani anamchemshia uji. Pamba yake bado iko shambani, imepasuka, mmeiona mlipokuwa mnakuja.

Alhamisi hiyo hiyo mchana tulifungua chumba cha nyuma ili tupate nafasi ya waombolezaji. Tukakuta vigoda kumi na sita vimepangwa safu mbili, vipya, havijakaliwa na mtu. Mbele yake kulikuwa na meza ndogo, imefunikwa kile kitenge cha bluu. Fundi Selestini aliyevitengeneza yuko hapa. Anasema tangu mwaka 2017 marehemu alimwagiza vigoda viwili kila baada ya mavuno, kwa sababu zamani jumuiya ilipofika kwake watu walikaa chini na yeye aliona aibu. Safari hii alitaka kila mtu apate pa kukaa.

Ndani ya kitabu chake cha sala Winnie alikuta karatasi imekunjwa. Juu ameandika: Siku ya jumuiya kwangu. Somo alilochagua ni habari ya wale wanafunzi wawili waliotembea kwenda Emau, ambao Bwana aliandamana nao njiani na hawakumtambua mpaka alipoingia nyumbani wakakaa mezani. Amepanga nyimbo tatu. Chakula ameandika michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga. Msomaji wa somo ameandika Marcelo. Kwenye tarehe ameacha nafasi.

Nilimwita Mama Kija nikamwonyesha. Akaisoma, akakaa chini pale pale mlangoni.

“Baba Winnie,” akasema, “kwani hakuwa kwenu?”

Nikamwambia mimi nilijua yuko kwao.

Winnie ndiye aliyeniambia lililobaki, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Alikuwa anamsikia shangazi yake akisema kwamba habari ya zamu yake alimuuliza Mungu, na Mungu akamjibu kwa kinywa cha Marcelo kwamba asubiri. Kwa hiyo hakuuliza tena. Kila orodha ilipoisha na nyingine kuanza, alisiriba sakafu, akafuta vumbi kwenye vigoda, akaloweka michembe. Watu aliokuwa akiwangoja ni sisi.

Ndugu zangu, yeye alimwomba Mungu amwongoze, na jibu nikatoa mimi, mtu aliyekuwa anafukuza ng'ombe. Padre ameniambia kwamba Mungu hakumwacha siku zile zote. Namwamini Padre. Lakini sisi tulimwacha, na mimi nilikuwa wa kwanza. Nawaomba mnisaidie kumwomba Mungu anisamehe, maana yeye dada najua alivyo, angeniambia nile kwanza.

Marehemu ameacha mdogo wake mmoja, wifi mmoja, na Winnie, aliyemwita mwanangu. Ameacha mume, Paschal, ambaye tumemtumia habari na hatujapata jibu. Ameacha jumuiya mbili. Ile pamba tutaichuma wote pamoja Jumatatu, wa pande zote mbili za mto. Tutaanzia kwenye kona alipokuwa akipiga magoti.

Leo ni Jumamosi. Asubuhi hii hatujasali katika nyumba yoyote, tulikuwa tunakuja huku. Wazee mliokaa mbele mmekalia vile vigoda vyake kumi na sita, na vimejaa. Kitenge kiko juu ya meza. Michembe iko jikoni, Mama Kija na wenzake wameipika na karanga kama alivyoandika, na hakuna atakayeondoka hajala. Karatasi yake ninayo mkononi, na nafasi ya tarehe nimeijaza kwa mkono wangu: 14 Juni 2025.

Kwa hiyo, kama katibu, natangaza kwamba jumuiya ya leo iko nyumbani kwa Anna Nyanjige. Somo nalisoma mimi.

Dada, hodi. Tumechelewa, lakini tumefika wote. Bwana uliyemuuliza kila njia akukaribishe kwake, nawe leo usisubiri tena. Pumzika.